Kobe Aliyedhaniwa Amevunjika Mgongo

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Régina alikuwa na kazi ya kujaza vyungu maji. Mama yake, Mama Léontine, alikuwa mfinyanzi aliyejulikana Lusangi nzima na katika vijiji vyote vya njia ya Kabambare. Hakuwahi kuuza chungu kabla ya kukijaribu. Chungu kilichotoka motoni kilijazwa maji hadi shingoni, kikawekwa juu ya mchanga mkavu, kisha Régina alichuchumaa na kusubiri. Kikiwa na ufa, hata ule usioonekana kwa jicho, mchanga ulilowa.

Alhamisi moja mchanga ulilowa chini ya chungu kizuri kuliko vyote. Régina mwenyewe ndiye aliyekipamba shingoni kwa gunzi la mahindi, na alikuwa amejisifu kwa watoto wa jirani.

"Mama, hii nilipamba mimi," alisema kwa sauti ndogo.

"Naona. Uliipamba muzuri," Mama Léontine alijibu. Akamwaga maji, akachukua mchi, akakivunja kile chungu kwa pigo moja, kisha akarudi kusonga bukari, ugali wake wa asubuhi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Régina alikwenda shule akiwa amenuna. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika umri huo mtu anaweza kununa kutoka nyumbani hadi mlango wa darasa bila kuchoka.

Lakini siku hiyo haikuwa ya kununa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wakitawala Kongo, na shule ya Lusangi ilikuwa jengo la matofali ya udongo lenye paa la nyasi. Mwalimu wa darasa la tano, Mwalimu Marcellin, alikuwa mtu wa Nyangwe, mrefu, mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi kila siku. Hakupenda kuchora ubaoni kitu ambacho kingeweza kuletwa darasani. Alifundisha mihogo kwa mihogo na nyuki kwa mzinga, na siku ya nyuki watoto watatu walirudi nyumbani wakiwa wamevimba nyuso. Sasa alitaka kufundisha kobe. Alikuwa ameahidi kwamba mwanafunzi mwenye tuta zuri kuliko wote katika bustani ya shule ndiye atakayemchagua kobe na kuwa mlinzi wake. Mwanafunzi huyo alikuwa Régina.

Kwa wiki mbili Régina hakuota kitu kingine. Alikwisha kumtengea kobe wake pembe moja ya uwanja wa nyumbani kwao, akaizungushia fito, akafikiri hata majani atakayomlisha. Hakuna jambo alilowahi kulitaka zaidi ya hilo.

Saa nne mtegaji mmoja aitwaye Baba Atumani alifika na kapu kichwani. Darasa lilikuwa limekubaliana naye: kobe mmoja kwa kapu la karanga walizovuna wenyewe. Yeye alileta wawili ili wachague. Akawaweka sakafuni, na watoto wote wakasimama juu ya mabenchi.

Wa kwanza alikuwa mdogo, wa mviringo, gamba lake liking'aa kwa wekundu wa kupendeza. Wa pili alikuwa mkubwa, amejaa tope, rangi yake kama ya majani yaliyooza. Jambo baya zaidi lilikuwa mgongo wake. Nyuma, karibu na miguu, gamba lilikuwa limekatika kutoka upande huu hadi upande ule, na kobe alipojikunja, kile kipande cha nyuma kilishuka kabisa.

"Ile imevunjika mugongo," alisema Régina kwa sauti ya mtu mwenye madaraka. Darasa zima likacheka.

"Hapana, mutoto wangu," Baba Atumani alisema. "Iko hivi hivi. Ni namna yake."

"Unataka tukamate yenye kuvunjika," alisema Placide, binamu yake Régina, na watoto wakacheka tena. Nani angemwamini mwuzaji anayesifu mali yake?

Mwalimu Marcellin aliinama akatazama, lakini yeye alikuwa mtoto wa mtoni. Alijua samaki wa Lualaba kuliko wanyama wa msituni. Akamgeukia Régina. "Wewe ndiye mulinzi. Unachagua nani?"

Régina hakungoja hata kidogo. Alimnyooshea kidole yule anayeng'aa. Tazama basi: msichana ambaye asubuhi ile ile alisubiri muda wote huo kuona kama chungu kinavuja, sasa alichagua kiumbe hai kwa muda wa kupiga chafya.

"Na hii ingine?" Mwalimu aliuliza.

"Siku ya posho, mapema, kamio inapita kwenda Kasongo," alijibu Baba Atumani, akimaanisha lori la Jumamosi, huku akimfunga kobe mkubwa kapuni. "Mimi siikuli, dini yangu inakataza. Lakini kule sokoni wako watu wanaitafuta kwa mboga."

Régina alisikia maneno hayo, lakini hayakumgusa. Alikuwa amembeba kobe wake kifuani, na gauni lake lilikuwa limepata doa jekundu.

Jioni ile kobe mdogo hakula. Ijumaa asubuhi hakula. Régina alimpa majani ya matembele, akampa uyoga, akampa hata kipande cha papai alichokuwa ameachiwa yeye. Kobe alifumba macho tu. Aliporudi kutoka shule alasiri, alikuta harufu katika ile pembe ya uwanja, harufu ya kitu kilicholowa siku nyingi. Placide, ambaye nyumba yao ilikuwa mkabala, alikuja akaziba pua.

"Umusafishe," alisema Mama Léontine, aliyekuwa akikanda udongo kivulini. "Maji ya moto kidogo, si ya kuchemuka."

Régina akaweka maji ya vuguvugu kwenye beseni, akaanza kumsugua kobe taratibu kwa gunzi laini. Maji yakageuka mekundu. Yalikuwa mawese, mafuta yale yale ya kupikia sombe, majani ya muhogo. Gamba lilikuwa limepakwa mawese toka mbele hadi nyuma, na yalipotoka, mng'ao wote ulitoka nayo. Chini yake kulikuwa na madoa meupe kama unga wa muhogo, matatu mgongoni na moja kubwa tumboni. Régina akaligusa lile la tumboni kwa kidole gumba. Gamba likabonyea. Maji ya kijivu yakatoka, na ile harufu ikampanda puani.

Alikaa chini. Moyo ulimuuma kwa ajili ya kobe, na uliuma zaidi kwa ajili yake mwenyewe, maana darasa zima lilimsikia akichagua.

"Mi najua," Placide alinong'ona. "Tumupake mawese ingine. Atang'aa tena. Akikufa kisha, tutasema ni baridi."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu atajuaje? Lakini ukisema, atamupa mutu mwingine kazi ya mulinzi. Wataanza kukucheka wewe, si kobe."

Maneno hayo yaliingia. Régina aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na chupa ya mawese. Akachovya vidole viwili. Alipaka kipande kimoja cha gamba, na kweli kiling'aa. Akatazama upande wa mama yake. Mama Léontine alikuwa ameacha kukanda udongo. Alikuwa anamtazama.

Vidole vya Régina vilisimama. Aliona aibu iliyomchoma masikio. Alikumbuka mchi ukishuka juu ya chungu chake, na kwa mara ya kwanza hakumkasirikia mama yake kwa lile pigo. Akachukua kitambaa, akafuta mawese yale mpaka doa jeupe likaonekana tena.

"Mama, nilichagua vibaya."

"Ulichagua kwa jicho," alisema Mama Léontine. "Chungu unaijaza maji, unaigonga, unaishika kila upande. Ile kobe uliishika wapi?"

"Hapana pahali."

"Na ile ingine uliishika wapi?"

 Ile nyingine hakuigusa hata kwa ncha ya kidole. Alisema imevunjika mgongo kwa sababu aliona mstari, akawachekesha watu, na sasa ilikuwa imefungwa kapuni ikingoja lori la Kasongo. Na kesho ndiyo Jumamosi.

Alfajiri ilipopambazuka, Régina alikuwa amekwisha kusimama mlangoni kwa Mwalimu Marcellin, kobe mgonjwa mikononi. Nyuma yake alisimama Placide na ndoo ndogo ya maji ya vuguvugu. Alikuwa amekuja bila kuitwa na bila kueleza kwa nini, na Régina hakumuuliza.

Mwalimu alitoka na mswaki mdomoni.

"Mwalimu, nilikosa," alisema Régina. Alikuwa amepanga maneno mengi njiani, lakini yote yalimkimbia. "Hii niliyochagua iko mugonjwa. Ilipakwa mawese. Sikuishika, sikuinusa, nilitazama tu. Na ile kubwa nilisema imevunjika na sijui kama imevunjika. Inaenda kukufa kwa sababu yangu."

Mwalimu akambonyeza kobe tumboni, akanusa kidole chake, akakunja uso. Hakumgombeza. Aliingia ndani akavaa viatu, na wote watatu wakashika njia kuelekea barabarani, karibu wakikimbia.

Lori lilikuwa pale, injini ikinguruma, limejaa magunia ya mpunga na pamba, na watu wamekaa juu ya magunia. Baba Atumani alikuwa amekwisha kupanda. Kapu lake lilikuwa limefungwa pembeni kwa kamba.

"Baba Atumani, tafazali, ushuke na ile kobe," Régina aliita.

"Mutoto, gari inaenda."

"Dakika tano," Mwalimu alimwambia dereva. Dereva alitazama ile suruali fupi iliyopigwa pasi, akaona ni mwalimu, akazima injini huku akinung'unika.

Kapu likashushwa. Kobe mkubwa akawekwa juu ya nyasi, na abiria wakainama kutoka juu kutazama. Mmoja akasema, "Wanataka kobe ya kuvunjika, na nzima wanayo mukononi." Wengine wakacheka. Kicheko kilikuwa kile kile cha darasani, ila siku hii Régina alikuwa upande wake mwingine, na kilimwuma.

Alimpa Mwalimu kobe mgonjwa. Alichota maji kwenye ndoo ya Placide, akaanza kumwosha kobe mkubwa kama alivyoosha vyungu tangu alipokuwa na miaka saba. Tope likatoka. Maji yakawa ya rangi ya udongo tu, hayakuwa mekundu. Akahesabu vipande vya mgongoni, kumi na vitatu, na kila kimoja akakibonyeza kwa kidole gumba. Vyote vilikuwa vigumu kama ukucha. Akapitisha ukucha katika kila kiungio, akautazama: hakuna usaha, hakuna unga mweupe. Akamgeuza taratibu, akabonyeza gamba la tumbo kutoka shingoni hadi mkiani. Gumu. Akaweka pua yake juu ya tumbo la kobe mbele ya watu wote, akavuta pumzi.

"Inanuka nini?" aliuliza yule abiria.

"Inanuka udongo," alisema Régina. Akambeba kwa mikono miwili. Alikuwa mzito, na alisukuma kwa miguu yote minne kwa nguvu, akitaka kwenda zake.

Kisha akafika mahali penyewe, ule mstari wa mgongoni. Aliugusa upande wa kushoto, akaugusa wa kulia. Ulianzia mahali pamoja na kuishia mahali pamoja pande zote mbili. Katikati palikuwa na kitu laini kama ngozi, kikavu na kisafi, bila kidonda. Kobe alihisi kidole, akaingiza miguu ya nyuma ndani, na kile kipande cha gamba kikashuka polepole na kuziba nafasi yote. Régina akasubiri.  Baada ya muda kobe akatulia, na kile kipande kikapanda tena na kurudi mahali pake bila kusogea hata kidogo pembeni.

Régina akainua uso, na uso wake ulikuwa unacheka wote.

"Mwalimu, haikuvunjika. Ni mulango. Iko na mulango nyuma, inafunga ili nyama ya pori isimukamate miguu. Kitu kikivunjika hakiwezi kurudi sawasawa kila mara."

Mwalimu Marcellin alichuchumaa, akaweka kidole chake, na kobe akaufunga mlango kwa mara ya pili. Mwalimu akacheka kama mtoto. Juu ya lori watu wakapiga makofi, na yule aliyecheka kwanza ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

"Nilisema ni namna yake," Baba Atumani alisema. "Wakikomaa ndiyo mugongo unafunguka. Wadogo hawana bado."

"Ulisema, na sikukusikiliza," alijibu Régina. "Nilikucheka. Unisamehe, Baba. Ile siku nilisema kitu sikijui mbele ya watu wote."

Baba Atumani alimtazama, kisha akamtazama kobe mdogo aliyekuwa mikononi mwa Mwalimu. Akavua kofia yake, akajikuna kichwa.

"Mutoto amesema makosa yake mbele ya kamio muzima," alisema. "Mimi mutu mukubwa nitaficha yangu namna gani? Mawese nilipaka mimi. Niliona madoa meupe, nikasema mafuta itafunika. Sokoni tunafanya hivyo, tumezoea, tunaona si kitu." Akamsukuma kobe mkubwa kuelekea kwa Régina. "Mukamate zote mbili. Karanga yenu nimekula, sitaomba ingine."

Lori liliondoka bila kobe hata mmoja. Régina alirudi shule na kobe mkubwa mikononi, na Jumamosi ile, kabla ya hesabu, alisimama mbele ya darasa akasema yote: alivyochagua, alivyoosha, alivyochovya vidole katika mawese.  "Basi kazi ya mulinzi naiacha," akamaliza.

 Placide akasimama polepole.

"Mawese nilimwambia mimi," alisema, akaketi haraka.

Mwalimu Marcellin hakusema neno juu ya kazi ya mlinzi. Aliwaweka kobe wawili mezani, akawaita wanafunzi wote wapite mmoja mmoja mbele ya Régina, naye akawafundisha wapi pa kubonyeza, wapi pa kunusa, jinsi ya kutofautisha doa la tope na doa la ugonjwa, na jinsi ya kuuamsha ule mlango bila kumwumiza mnyama. Ilichukua asubuhi nzima. Hesabu haikufundishwa, na hakuna aliyelalamika.

Kobe mdogo alipelekwa kwa Bwana Grégoire, muuguzi wa zahanati, ambaye alicheka kwanza kisha akakubali. Alikwangua sehemu iliyooza, akaiosha kwa maji ya chumvi, akapaka dawa ya zambarau iliyowatia madoa wote waliokuwepo. Akaagiza kobe akae pakavu, apigwe jua la asubuhi, na asiguswe na tone la mafuta. Kila siku Régina alifanya hivyo, na Placide akamsaidia kubadili mchanga. Wiki ya tatu kobe alikula jani la kwanza. Mwezi wa pili yale madoa yalikauka, vipande vyeupe vikabanduka vyenyewe, na chini yake kukaonekana gamba jipya, dogo na gumu.

Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wamekaa nyuma ya darasa, Mwalimu Marcellin alimwita Régina mbele, akamwambia amkague kobe mdogo mbele ya wote. Régina aliosha, akabonyeza, akanusa, akamgeuza. Akasema, "Amepona." Mama Léontine, aliyekaa karibu na mlango, alitikisa kichwa kukubali, na kwa Régina hiyo ilikuwa tuzo kubwa kuliko makofi yote yaliyofuata.

"Watoto wangu," alisema Mwalimu makofi yalipotulia, "mumejifunza kujua gamba zima na gamba bovu. Muzuri. Kitu kinachong'aa mukioshe kwanza, na kitu kibaya usoni mukishike kwanza, kabla ya kusema neno. Lakini si hiyo tu niliyotaka wazazi wenu waione. Siku ile Régina aliponigongea mulango, mimi sikujua kitu. Angeweza kunyamaza, na mimi ningemusifu. Alikuja kusema makosa yake wakati makosa bado yanaweza kutengenezwa. Angechelewa saa moja, mumoja angeliwa Kasongo na mwingine angeoza uwanjani kwao. Kukosa tunakosa wote, hata mimi mwalimu wenu nilitazama ile kobe nikaona imevunjika. Mwenye kusema mapema ndiye anayeokoa."

Kisha akamgeukia Régina.

"Uliniambia unaacha kazi ya mulinzi. Sikujibu siku ile kwa sababu nilitaka darasa lijibu." Akawageukia wanafunzi. "Nani atalinda kobe zetu?"

Walitaja jina moja, wote pamoja, kwa kelele iliyowafanya kobe wote wawili warudishe vichwa ndani. Régina akawabeba, mmoja kila mkono, akatoka nao mlangoni akiwa na kichwa juu, na darasa zima la tano likamfuata hadi nyumbani kwao.